Mzee Mdoe, Vali Zake na Sauti ya Bibi Zuena

Na Josefina Raymond, Kitengo cha Vipindi, Redio Luengera

Tarehe 30 Juni 2025 Mzee Adamu Mdoe, Fundi Mkuu wa Redio Luengera, anastaafu baada ya kuitumikia redio hii kwa miaka ishirini na sita. Aliingia mwaka 1999, redio ikiwa chumba kimoja cha kupanga pale Manundu, mjini Korogwe, katikati ya kinyozi na muuza mbolea. Anatoka tukiwa na jengo letu, mnara wetu, na choo ambacho hatimaye kinafungwa kwa ndani. Vyote vitatu vimepita mikononi mwake, na choo ndicho kilichomsumbua zaidi.

Meneja wetu, Ndugu Gerald Mathias, amenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa madai kwamba ndimi niliyegombana na Mzee Mdoe kuliko mfanyakazi mwingine yeyote. Huo ni uongo wa mchana kweupe. Bingwa ni Gerald mwenyewe. Hata hivyo nimekubali, na tangu nikubali nimegundua sijui redio hii itaendaje bila mtu wa kugombana naye.

Mzee Mdoe ni mtoto wa Kwamagome, Handeni, wa ukoo wa wakulima wa mahindi. Alipomaliza darasa la saba alipelekwa Old Korogwe kwa mjomba wake akajifunze kushona. Bahati mbaya ya mjomba ni kwamba jirani yake alikuwa fundi wa redio. Miguu ya Adamu ikawa kwenye cherehani na macho kwa jirani, mpaka mjomba alipochoka kugombana na wateja wenye suruali za mguu mmoja mrefu, akamwambia ahamie huko huko roho yake iliko. Alihamia siku hiyo hiyo. Redio Luengera ilipoanzishwa alikuwa na kibanda chake Manundu, na nusu ya redio za mji zilikuwa zimeshapita mezani kwake. Nusu iliyobaki, anasema, ilikosa bahati.

Kwetu aliitwa kutengeneza mashine moja tu. Akaitengeneza, akazitazama zile nyingine, akasikitika kwa sauti ya juu ili kila mtu asikie, akavua koti. Koti lenyewe lilipotea tulipohama ofisi, naye anatudai mpaka leo.

Aliyoyafanya ni mengi. Ndiye aliyesimamia mnara kuanzia shimo la msingi hadi taa ya kileleni. Mvua zilipokata barabara ya Handeni na umeme ukaenda nazo, alipanda kilima cha mnara na betri ya gari kichwani ili watu wa Sindeni na Misima wajue ni wapi hapapitiki. Amefundisha mafundi ambao leo wanaendesha mitambo ya redio nyingine, na wote wamerithi ukali wake. Aliwahi kumsimamisha mgeni rasmi katikati ya hotuba, tukiwa hewani, ili atoe funguo mfukoni kwa sababu zilikuwa zinalia. Mgeni rasmi alitii. Mbele ya kipaza sauti, kwa Mzee Mdoe, hakuna mheshimiwa.

Lazima niseme pia habari ya mkono wake wa kushoto. Mitambo ya zamani ina umeme mkali wa kuua mtu, kwa hiyo fundi mzoefu hufanyia kazi mkono mmoja, wa pili akauficha mfukoni, ili umeme ukimshika usipate njia ya kuvuka kifuani. Mkono wa Mzee Mdoe uliupenda mfuko. Akawa anakwenda sokoni mkono mfukoni, anaamkia watu mkono mfukoni, na sifa zikaenea Manundu kwamba fundi wa redio ana maringo. Mzee mmoja aliipokea shikamoo yake kwa kumuuliza kama humo mfukoni amemficha kuku wa watu. Mkewe, Bi Rukaya, aliona aibu, akaishona mifuko ya kushoto ya suruali zake zote. Wiki ile ile Mzee Mdoe alipigwa shoti akaanguka chali, na alipofumbua macho neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama vali iko salama. Jioni Bi Rukaya alifumua mishono yote.

Hiyo vali aliyoiulizia ni ya Jiko, na Jiko wageni wetu wa leo pengine hamlijui. Ni sanduku la chuma la rangi ya kijani, zito kuliko linavyoonekana, lililokuja kwetu pamoja na kasha la santuri kutoka klabu ya wafanyakazi ya shamba moja la mkonge lililofungwa. Jina lake halisi ni kikuza sauti cha santuri. Sindano ikipita kwenye mifereji ya santuri hutoa mnong'ono mdogo wa umeme, na sanduku hili kazi yake ni kuupokea mnong'ono huo, kuukuza, na kuurudishia besi ambayo kiwandani huipunguza makusudi ili mifereji isipanuke. Kinachofanya kazi hiyo ni vali, vile vichupa vya kioo vyenye nyuzi ndani vinavyowaka vyekundu kama makaa. Vinatoa joto, na Korogwe hatuna upungufu wa joto. Ndiyo maana tukaliita Jiko.

Mzee Mdoe alilipenda sanduku hilo kupita kiasi. Alibadilisha kapasita zake zilizozeeka, akabadilisha resista, akahamisha transfoma ikae mbali na vali, akairudisha, akaihamisha tena. Lakini hasa alipenda kubadilisha vali. Vali mbili za namba moja, zilizotoka viwanda viwili, huwa hazitoi sauti moja. Moja inaimba kwa kifua, nyingine kwa pua. Alizitafuta kila mahali. Alizichomoa kwenye redio za walimu wastaafu, kwenye vikuza sauti vya misikiti na makanisa, kwenye makabati ya watu. Alikwenda Dindira kwenye msiba, akaiona redio ya zamani juu ya kabati la marehemu, akavumilia mpaka dua ikaisha, kisha akawavuta warithi pembeni. Alirudi na vali nne kwenye mfuko wa kaptula iliyovaliwa ndani ya suruali, zisipate baridi. Watani wake wa Dindira mpaka leo wakifiwa huficha redio kwanza.

Vali ngeni aliigonga kwa kifutio cha penseli akiwa ametega sikio. Ikilia ting, ilikataliwa, kwa sababu hiyo itaupeleka kwenye spika hata mshindo wa mlango unaojipiga. Isipolia, iliingia kwenye soketi, na kuanzia hapo iliitwa mwali. Kwa desturi yake mwali huwekwa ndani. Jiko liliwashwa, mlango wa chumba ukafungwa, kanga ikatundikwa mlangoni, na hakuna santuri iliyopigwa kwa siku kadhaa mpaka vali ikomae kwenye moto wake. Siku ya kumtoa mwali tulichemsha chai, tukaleta maandazi, na akina mama wa ofisi tulilazimika kupiga vigelegele. Mimi na Gerald, ambao babu zetu walikuja huku kukata mkonge na hatuna mila hizo, tulidhani mzee amechanganyikiwa. Mwaka wa pili Gerald ndiye aliyekuwa anakumbusha maandazi.

Baada ya vigelegele tuligeuzwa kuelekea ukutani, wafanyakazi wote, hata mlinzi. Alitupigia wimbo kwa vali ya zamani, kisha kwa mwali, nasi tulinyoosha mkono kwa tuliyoipenda. Mimi nilinyoosha ovyo ili nirudi kazini. Alikuwa anajua, na alikuwa ananitoa kwenye hesabu.

Rasimu yangu ya kwanza iliishia hapa. Ingetosha, tungepiga makofi tukala. Mzee Mdoe aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia, akasema wasifu usio na kosa ni wa marehemu, na yeye bado anakula ugali. Akataka niandike habari ya Bibi Zuena, yote, bila kuitia sukari. Nilikataa. Gerald alikataa, akasema siku ya kumuaga mtu husemwa mema. Mzee Mdoe akajibu kwamba kama ni hivyo tumuage na yeye hayupo. Tunamjua. Asingekuja.

Basi ni hivi. Katika lile kasha la klabu kulikuwa na santuri ndogo yenye karatasi ya bluu katikati, imeandikwa kikundi cha kina mama wa shamba, kiongozi wa wimbo Zuena Ukasha. Ni wimbo wa Kizigua wa kulima, wa kupokezana: mmoja anaita, wenzake wanaitika, na majembe yanashuka pamoja. Niliyasoma majina hayo hewani nikauliza kama kuna anayewafahamu. Kabla ya taarifa ya habari ya jioni simu ililia. Alikuwa Husna, msichana wa Sindeni, akasema Zuena Ukasha ni bibi yake, yu hai, yuko uani anapepeta mahindi, na ameangusha ungo.

Bibi Zuena kabla ya kuolewa alifanya kazi kwenye brashi, kule wanakosugua nyuzi za mkonge. Mwaka 1976 uongozi wa shamba ulikipeleka kikundi chao Tanga kurekodiwa. Waliimba, wakapewa soda, wakarudishwa. Santuri zilipofika shambani yeye ameshaolewa na kuhamia Sindeni, kwa hiyo hakuwahi kuisikia. Alizeeka akiwasimulia wajukuu kwamba sauti yake ilitiwa kwenye sahani, na wajukuu wakimwambia bibi unatupiga kamba. Ombi lake kwetu lilikuwa moja. Aisikie sauti yake mara moja kabla hajafa, na hao watovu wa adabu waisikie naye.

Mzee Mdoe aliahidi kwa moyo wake wote, na hapo ndipo palipoharibika. Alisema sauti ya mtu ni uso wake, na humtoi mtu mbele za watu hajanawa. Santuri ile ilikatwa kwa kipimo cha besi cha zamani, si hiki cha siku hizi, na Jiko lilimfanya Bibi Zuena asikike kama anaimbia ndani ya debe. Mzee Mdoe akabadilisha resista na kapasita mpaka debe likaondoka. Tukamwambia basi, mwite. Akasema sauti bado haijakaa, haina nyama. Akaanza kubadilisha vali. Ikapata nyama, akasema sasa imenenepa mno, maneno hayachomozi. Mwaka ukapita, na mwingine. Niliomba nimpigie Husna simu niiweke kwenye spika, wasikie hata hivyo hivyo. Alinitazama kana kwamba nimesema tumkaribishe mgeni pilau kwa kumnusisha sufuria.

Na katika miaka hiyo yote, wimbo aliokuwa akiutumia kupimia kila vali na kila kapasita ulikuwa huo huo. Ndio tuliokuwa tukipigiwa tukiwa tumeelekea ukutani. Nakijua kituo mwimbaji anachovutia pumzi. Mlinzi anakijua. Gerald, ambaye Kizigua chake kinaishia kwenye salamu, anauimba wimbo mzima akiwa bafuni, mkewe ni shahidi. Sauti ya yule binti wa brashi iliujua kila ukuta wa jengo hili. Ofisi nzima ilimsikia Bibi Zuena isipokuwa Bibi Zuena mwenyewe.

Mwaka 2021 alichoka kungoja akaja mwenyewe, bila taarifa. Alivaa doti mpya ya kanga, mkononi ana jogoo, nyuma yake Husna na wajukuu wengine wawili wamebeba mahindi mabichi. Na siku hiyo Jiko lilikuwa na mwali. Zile vali za Dindira zilikuwa zimewekwa ndani tangu juzi yake, na kanga iko mlangoni. Kuzichomoa na kurudisha za zamani ilikuwa kazi ya muda wa kunywa kikombe cha chai. Kuipiga santuri na hizo hizo ilikuwa kazi ya kushusha sindano tu.

Mzee Mdoe alitoka nje, akampa shikamoo, akamwambia kwa huzuni kabisa kwamba mama, kuna mwali ndani. Mtu wa kwingine angegomba. Bibi Zuena alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema yeye amewacheza wali wengi tangu ujana wake, na hajawahi kuona mwali akitolewa kabla ya siku yake, kwa hiyo atarudi. Akatusifu kwa kushika mila, akasema vijana wa siku hizi hawana subira. Tulicheka wote. Tukampa chai, tukamfungia sukari na sabuni, tukampandisha gari la Handeni, na jogoo tukamla sisi. Ulikuwa utani wa ofisini tu, tulioukuza wenyewe mpaka ukawa sheria, na aliyeuheshimu kuliko sote ndiye uliyemfukuza mlangoni.

Mwali yule alipotolewa, sauti ilikaa. Nasema kweli, hata mimi niligeuka kutoka ukutani bila ruhusa. Bibi Zuena alikuwa kama amesimama pale kati yetu na jembe lake. Vigelegele vya siku hiyo havikuwa vya kulazimishwa. Gerald akachukua simu ampigie Husna, na Mzee Mdoe akainua mkono wake wa kulia, akasema tungoje kidogo, kuna mvumo. Mimi sikuusikia mvumo wowote. Gerald hakuusikia. Mzee Mdoe akasema uko chini kabisa, kama nzi ndani ya kibuyu, unatoka kwenye umeme unaowasha nyuzi za vali, na dawa yake anaijua. Akalifungua Jiko. Akaagiza transfoma nyingine Dar es Salaam. Transfoma ikaja siyo. Masika ikaingia.

Masika ilipokwisha Husna alipiga simu. Bibi yake alikuwa ameugua malaria kali, akalazwa muda mrefu, akapona kwa uwezo wa Mungu. Lakini masikio hayakurudi naye nyumbani.

Mzee Mdoe alikaa kwenye kiti cha mtangazaji, chake kikiwa pale pale wazi. Kisha akaenda akazima Jiko, na kwa muda mrefu hakuna aliyeliwasha. Chumba kile kikapoa. Sisi tuliokuwa tukilalamikia joto lake kila siku ya Mungu hatukupata raha.

Mwezi Oktoba mwaka jana Bibi Zuena ndiye aliyetuma salamu. Aliona hakuna haja ya kusubiri tena. Yeye hatasikia, sawa, ni mipango ya Mungu, lakini wajukuu wana masikio na deni lao liko palepale; wamemwita mwongo, wasikie. Alimwambia Husna maneno hayo atufikishie. Alijifunza kusoma na kuandika kwenye kisomo cha watu wazima, na siku hizi ukitaka kumwambia neno unamwandikia.

Wakaja. Tulimweka kwenye kiti mbele ya spika, wajukuu wamesimama pembeni. Jiko lilikuwa na vali zile zile za Dindira. Hakuna aliyezigusa tena. Mzee Mdoe alishusha sindano. Mkono wake wa kushoto haukuwa mfukoni, niliuangalia. Ngoma ikaanza, sauti ya binti ikapanda. Bibi Zuena alikuwa ameketi wima, mikono magotini, anaitazama spika kwa heshima kama mtu anayesubiri kuitwa. Akasubiri. Kisha akamgeukia Husna akauliza, kwa ile sauti ya juu ya wasiosikia, imeanza?

Husna akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo. Bibi Zuena akaacha kuitazama spika, akawatazama wajukuu. Ukasha, mkubwa wao, aliyekuwa hodari wa kusema bibi anapiga kamba, alikuwa amejifunika uso kwa mikono yote miwili. Hapo akaridhika. Akafumba macho na yeye akauanza wimbo wake.

Hakuwa na jinsi ya kujua santuri imefika wapi. Yule binti alikuwa mbele na yeye nyuma, wanakanyagana, mpaka ikawa vurugu tupu. Mzee Mdoe, mtu aliyetumia miaka kuisafisha sauti ile, aliinua sindano. Ikabaki ya Bibi Zuena peke yake, nzito, ina mikwaruzo, imeshuka sana kuliko ya kwenye sahani. Akafika pale wenzake wanapoitikia. Wenzake wengi wako makaburini.

Tukaitika sisi. Mlinzi aliitika, Gerald aliitika na Kizigua chake cha bafuni, mimi niliitika, na Mzee Mdoe aliitika akiwa ameinamia Jiko. Wala hatukupanga. Bibi Zuena hakutusikia, lakini alifumbua macho akaona midomo yetu ikienda sawasawa, neno kwa neno, kwenye wimbo ambao hakumfundisha hata mmoja wetu. Aliendelea kuita na sisi tukaendelea kuitika mpaka mwisho. Halafu akamuuliza Husna ni nani aliyewafundisha watu hawa. Husna akaandika neno moja kwenye karatasi akampa: Wewe. Vipaza sauti vilikuwa mezani wakati wote huo, na hakuna aliyewaza kuviwasha.

Tangu siku ile Mzee Mdoe hajachomoa vali hata moja. Alizihamisha santuri zote za kasha lile kwenye kompyuta, kama zinavyosikika, na mikwaruzo yake na mvumo wake. Akanunua flashi, akapanda bodaboda, akawatafuta waimbaji mmoja mmoja, Handeni na Korogwe, kwa majina yaliyo kwenye karatasi za santuri. Alibahatika kumkuta hai mmoja wa kikundi kile, pale Old Korogwe. Kwa waliobaki alipokewa na watoto wao. Walimshukuru sana, wakamchinjia, na anasema kila shukrani ilikuwa inamchoma. Mafundi wanaomrithi wamemwomba awaachie siri za Jiko. Amewaachia moja tu, kwamba wawapigie watu santuri zao kwanza, ufundi utafuata.

Jambo moja limemshinda. Watu wazima wakikoseana, samahani husemwa kwa mdomo, ana kwa ana, mbele ya mashahidi. Siku ile ya Oktoba alimsogelea Bibi Zuena akaisema, akairudia. Bibi Zuena alidhani anaulizwa kama atakunywa chai, akatabasamu, akasema ndiyo, isiwe na sukari nyingi. Chai ikaletwa. Mzee Mdoe hakuweza kuanza tena.

Ndiyo sababu kijitabu hiki cha sherehe kimechapwa kwa herufi kubwa kuliko kawaida, na ndiyo sababu alinilazimisha niyaandike haya. Ametaka maneno yake yawekwe kama alivyoyasema, nami nayaweka: Mama Zuena, nilikukosea. Sauti yako ilikuwa imekaa tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye sikuwa nimekaa. Naomba unisamehe mbele ya watu hawa.

Mzee Mdoe, asante kwa miaka yote uliyotuweka hewani, kwa mnara, kwa ukali, na kwa masikio uliyotufungua. Kosa lako lilitoka kwenye mapenzi, na bado ni kosa. Umetaka tuseme hivyo, tumesema. Nenda ukapumzike na Bi Rukaya, Mungu akupe afya na usingizi, na mifuko yako ibaki wazi. Tutakukumbuka kila mlango utakapojipiga na hakuna wa kufoka.

Ndugu wageni, Bibi Zuena ameketi leo safu ya mbele, na kijitabu kiko mikononi mwake. Anasoma taratibu. Makofi ya kumuaga Mzee Mdoe yatapigwa yeye atakapoinua macho, si kabla. Tunamsubiri.